Majuli: ramani ya kijani, ukingo unaoanguka

Feri ya kutoka gati la Nimati, upande wa Jorhat, ilibeba pikipiki, magunia na watu hadi juu ya paa. Tulikuwa tunavuka mto Brahmaputra kwenda kisiwa cha Majuli, jimboni Assam, India. Mwaka 2016 kisiwa hiki kilitambuliwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani vilivyo mtoni, na mwaka huohuo kikawa wilaya. Mwanzoni mwa karne ya 20 kilikuwa na zaidi ya kilometa za mraba 1,200. Leo vipimo vingi vinakipa chini ya nusu ya hapo.

Kazi yetu ilikuwa kuchora ramani ya hatari ya mmomonyoko. Kanuni ya hesabu iliyozoeleka, RUSLE, huzidisha nguvu ya mvua, aina ya udongo, mteremko, uoto na hatua za kuhifadhi ardhi. Majuli ni tambarare, kwa hiyo ramani ilitoka kijani, yaani hatari ndogo, karibu kote. Nami wakati huo nimesimama juu ya ukingo uliokatika wima! Kanuni hiyo hupima udongo unaosombwa na mvua mashambani. Mto unaokula kingo haumo kabisa katika hesabu yake.

Nilishuka kuutazama ukingo kwa karibu. Juu kulikuwa na tabaka jembamba la tope lililoshikwa na mizizi ya nyasi. Chini yake mchanga mwororo wa kijivu, ukiugusa kwa kidole unamiminika. Maji huuchimba mchanga huo, tope la juu likabaki linaning'inia, kisha pande zima likaanguka. Mara nyingi huanguka mafuriko yakishapungua, kwa sababu ukingo bado umelowa na ni mzito, na maji yaliyokuwa yakiuegemeza yameshashuka.

Basi tukageukia picha za setilaiti za Landsat tangu miaka ya 1970. Tulichagua za kiangazi tu, maana wakati wa mafuriko mstari wa ukingo hudanganya. Tukachora kingo mwaka baada ya mwaka, mmoja juu ya mwingine. Upande wa kusini mistari ilizidi kuingia ndani. Tetemeko la Agosti 15, 1950 liliporomosha milima, kifusi kikainua kitanda cha mto, na tangu hapo maji yanatafuta nafasi pembeni.

Wamishing, jamii inayoishi kisiwani, hujenga nyumba juu ya nguzo, na mafuriko hupita chini yake. Ardhi yenyewe ikiondoka, nguzo hazisaidii kitu. Ndiyo maana rangi nyekundu tuliipa kasi ya ukingo kusogea, tukaweka juu yake nyumba, shule na mahali pa ibada, ili ijulikane nani ahamishwe kwanza kabla ya mvua za Juni.