Neno "yeye" lilivyonichorea ramani ya lugha za China

Aliyenishauri nipake kila jimbo la China rangi moja kwenye ramani ya lugha, Mungu anamwona. Nilimsikiliza, nikawa kituko darasani. Jimbo zima la Guangdong, huko kusini, nililipiga njano ya Kikantoni. Mwenzetu wa Chaozhou, mji wa humo, akasimama kuuliza kwao wamegeuka Wakantoni lini. Wao lahaja yao ni ya Kimin, ndugu na ya jirani zao wa Fujian, na Meizhou, humohumo Guangdong, ni ngome ya Wahakka, Wachina wenye lahaja yao wenyewe. Nikakunja ramani yangu, iliyokwisha kuniramba yuani mia na ushei za kuichapisha.

Nikaanza upya kwa hila ya kivivu. Kila niliyekutana naye kwenye foleni ya kantini nilimuuliza neno moja: kwenu "yeye" mnasemaje? Mtu wa kaskazini, ta. Mkantoni, keoi. Wa Xiamen, mji wa Fujian, i. Mama mpakuaji wa wali alinizoea hadi akawa ananijibu kabla sijafungua mdomo. Nikajiona profesa, mpaka Shanghai nao wakasema i! Ikabidi niongeze neno la pili, "sufuria": Xiamen huiita tia, kwa sauti ya puani, na hapo Shanghai ikajitenga. Kwa hiyo ukijaribu, beba maneno mawili.

Sasa huyu jamaa wa Chengdu, mji mkuu wa jimbo la Sichuan. Alijibu ta, nikamweka Kimandarini pamoja na Sichuan yote. Siku ya tatu ananiambia, "Lakini bibi husema gi." Nikacheka. Gi ni ya Wahakka, na Meizhou iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao! Akapiga simu, akaweka spika. Bibi akasema gi, akairudia kwa ukali kana kwamba mimi ndiye kiziwi. Kumbe wazee wao walihamia Luodai, mji mdogo karibu na Chengdu, kutoka Guangdong enzi za nasaba ya Qing, Sichuan ilipobaki tupu baada ya vita, na lugha yao huiita "Kiguangdong cha kienyeji". Nilimshukuru kwa Kimandarini changu. Bibi akamuuliza mjukuu wake mimi nazungumza lahaja ya wapi.

Nikaacha kupaka majimbo rangi, nikaweka nukta kwa kila lugha. Jimbo la Yunnan ndiko zilikonifaa zaidi: watu wa kabila la Wadai wako bondeni, wale wa Wahani juu yao mlimani, na rangi ya mmoja ingemmeza mwingine. Nukta ya bibi iko mashariki ya Chengdu, nyekundu, peke yake. Nimeikuza kidogo kuliko zingine, mwalimu hajagundua.