Lesi ya mkono kwenye mashindano: nilivyojipanga mpaka nikashika nafasi ya pili

Mimi niko Uingereza, kufuma nimekulia nako, vitambaa vya makochi nyumbani tulifuma wenyewe kwa kroshia. Ila huku nimejifunza lesi ya bobini, nyuzi zinazungushwa kwenye vijiti vya mti halafu unazipishanisha pea kwa pea juu ya mto mgumu, pini ndo zinashikilia mchoro. Nilianza na Torchon, aina mojawapo ya lesi hiyo ya bobini, mchoro wake unakaa kwenye karatasi ya vimraba na mistari inaenda mshazari kwahiyo haikupotezi.

Nilipotaka kuingiza hankachifu kwenye maonyesho ya kilimo (wanayo huku, kama Nane Nane yetu, na kazi za mikono zinashindanishwa humo humo) nikamfuata mama mmoja aliyewahi kuwa jaji nikamuuliza, mama, nyie huwa mnaangalia nini hasa? Akachukua lesi yangu ya mazoezi, akaigeuza nyuma. Jamani, kumbe wanatafuta ulipoanzia na ulipomalizia! Lesi ya hankachifu inazunguka pande zote nne, mwisho unakutana na mwanzo, inabidi kila pea uivutie kwa kindoano kwenye kitanzi cha pini ya kwanza, ufunge, ufiche mikia. Ukiungia kwenye wavu, yaani ile sehemu ya matundu matundu, fundo linaonekana waziwazi. Kwahiyo nilianzia kwa mshazari, pale ilipofumwa ikajaa, mafundo yakazama humo na mbele huoni kitu.

Halafu mkazo wa uzi. Feni za pembeni, yale maumbo ya kipepeo kwenye ukingo wa lesi, zote zilingane, wavu usilegee kwenye kona. Mimi nilikuwa nikishamaliza kipande siichomoi pini haraka, naacha ikae ishike umbo. Na usafi ni lazima, mikono unaosha kila ukikaa na mto unaufunika ukiinuka, maana lesi nyeupe ikishika weusi umeisha.

Kanuni za shindano nazo soma mpaka vipimo, ukizidisha saizi jaji haihukumu kabisa, wanaandika tu haikufuata kanuni hata kama kazi ni nzuri kiasi gani. Jina halionekani, ni namba tu, hilo nalipenda sana.

Nikapata ya pili! Kwenye kadi jaji alisifia kona, akataka mishono ya kushikizia lesi kwenye kitani, kile kitambaa cha katikati, iwe midogo zaidi, na ni kweli. Saivi niko nayo hiyo, sindano nyembamba na taa karibu, hankachifu ya mwakani ishaanza.