Uji kabla ya kidonge: uzoefu wangu Ukerewe

Nilifundisha shule za msingi kwa miaka mingi katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, na nilipostaafu niliungana na wenzangu wachache tukaanzisha shirika dogo la kusaidia elimu na afya katika vijiji vya ufukweni. Tulilisajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002, tukajitambulisha halmashauri, kwa mtendaji wa kata na kwa serikali ya kijiji, kisha tukaanza na kile tulichoamini kuwa ndiyo haja kubwa kuliko zote, yaani sare, viatu na madaftari. Tangu Januari 2016 mzazi hadaiwi ada ya shule ya msingi, lakini sare na daftari bado ni mzigo wake, na familia inayotegemea dagaa hukaa bila kipato kila mwezi unapokaribia kuwa mpevu, kwa sababu taa za wavuvi hazivuti dagaa usiku wenye mbalamwezi.

Sare zile zilishonwa na mafundi cherehani wa kijijini hapo hapo, jambo ambalo mpaka leo naona tulilifanya vizuri. Hata hivyo, muhula wa pili nilipoketi na mwalimu wa darasa kulipitia daftari la mahudhurio, niliona majina ya watoto tuliowavika yakiwa na alama za utoro wiki baada ya wiki. Nilihuzunika sana, na kwa siku kadhaa niliwalaumu wazazi moyoni. Ndipo tulipoamua kwenda nyumba kwa nyumba, tukiwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kuuliza kila mtoto anabaki nyumbani kwa sababu gani.

Majibu yalifanana mno. Tumbo linamuuma, anaendesha, choo kina damu, hana nguvu ya kutembea mpaka shuleni. Mvulana mmoja wa miaka 12 alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka minane, tumbo limejaa na miguu imekonda. Mganga mfawidhi wa zahanati hakushangaa hata kidogo; alituambia kwamba hapa ziwani tatizo kubwa ni kichocho cha tumbo, na kwamba mtoto anayeugua mara kwa mara hudumaa, hupungukiwa damu na hata darasani hafuatilii anachofundishwa. Nilikuwa nimefundisha watoto wa namna ile maisha yangu yote nikiwaita wazito wa kuelewa. Maneno yake yaliniumiza.

Tulipoanza kutoa elimu tuligundua kwamba watu walikuwa wanakijua kichocho, ila walikijua kile kingine. Mama mmoja alinijibu kwa heshima lakini kwa uhakika kabisa: “Shikamoo Mwalimu. Mimi mwanangu hajawahi kukojoa damu hata siku moja, sasa huo ugonjwa ameutoa wapi?” Nilimwitikia, nikamweleza: “Mwanangu, huo wa kukojoa damu ni kichocho cha kibofu. Huku kwetu ziwani mdudu wake hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo na ini, na damu huonekana kwenye choo kikubwa.” Alinyamaza kwa muda, akamtazama mtoto wake aliyekuwa amejilaza mkekani, kisha akasema kwamba damu ya namna hiyo alikuwa ameiona ila aliidhani ni ya kuhara damu.

Kuanzia siku hiyo tuliacha kuanza somo kwa jina la ugonjwa. Tulianzia mwaloni, penye mitumbwi na anika za dagaa, ambako mtaalamu kutoka wilayani, akiwa amevaa glavu, aliokota konokono kwenye majani ya kando ya maji na kuwatia ndani ya chupa ya kioo. Konokono wa kichocho hiki ni mdogo na bapa, amejiviringisha kama kamba iliyokunjwa vizuri ikalazwa chini. Watoto walimtambua mara moja kwa sababu huwa wanamchezea. Tukawaeleza mzunguko wote: mayai hutoka na kinyesi, yakifika majini huangua, vijidudu huingia ndani ya konokono, hukua na kuongezeka humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu yeyote aliyemo majini, awe anaoga, anafua, anachota maji au anasukuma mtumbwi. Wengi walishtuka kusikia kwamba kuchemsha maji ya kunywa hakumkingi anayeoga ziwani. Mzee mmoja mvuvi aliuliza swali ambalo hatukuwa tumejiandaa nalo: “Sasa mimi niache ziwa nikalime wapi?” Hakuna aliyemjibu kwa wepesi. Tulichoweza kupendekeza ni kwamba maji ya kuoga watoto yachotwe leo na kuogwa kesho au keshokutwa, kwa kuwa vijidudu hivyo hufa maji yakikaa kwenye chombo kati ya saa 24 na 48, na kwamba kila kaya iwe na choo. Choo ndicho kilichotushinda zaidi, kwa sababu pale kijijini mwamba uko karibu na ardhi ya juu na kuchimba shimo refu ni kazi ya wiki nyingi.

Jambo ninalotaka kulieleza kwa urefu ni siku ya kumeza dawa. Serikali hutoa kingatiba ya kichocho shuleni bila malipo, dawa yenyewe ikiwa ni prazikwanteli, lakini katika shule hiyo wazazi walikuwa wakiwaficha watoto siku hiyo. Mwaka uliotangulia watoto kadhaa walikuwa wametapika na wawili walianguka mstarini, na habari zikaenea kwamba vidonge vile ni sumu, au ni vya kuwafanya watoto wasizae watakapokuwa wakubwa. Uvumi wa namna hii si wa Ukerewe peke yake. Mwaka 2008 mkoani Morogoro zilizuka ghasia katika shule wakati wa kugawa dawa hizo hizo, na zoezi likasimamishwa. Mimi siwalaumu wazazi. Mtu anayemwona mwanawe akianguka baada ya kupewa kidonge ana haki ya kuuliza, na wale walipouliza hawakujibiwa.

Jibu lenyewe lilikuwa rahisi. Wale wadudu wa kichocho, ambao ni minyoo, wakifa kwa wingi mwilini huleta maumivu ya tumbo na kichefuchefu, na mtu akiwa na njaa hali huwa mbaya zaidi. Watoto wale walikuwa wameamka alfajiri, wakatembea mpaka shuleni bila kutia kitu kinywani, wakapewa dawa saa nne. Tulikwenda kwa mfadhili wetu kumwomba fedha zilizotengwa kwa madaftari zinunue unga, sukari na masufuria, na ilibidi tuandike barua tatu kabla hajakubali. Kamati ya shule ikaitisha mkutano, kila kaya ikatoa kuni na maji, na akina mama wanane wakajitolea kupika. Sharti lao lilikuwa moja tu: wao wenyewe wawepo mwanzo hadi mwisho, waone kila kidonge kinachotolewa. Tuliona ni sharti la haki kabisa.

Asubuhi ya siku hiyo moshi ulianza kupanda kabla ya jua. Kila mtoto alikunywa kikombe kizima cha uji akiwa ameketi, kisha akasimama kwenye kijiti cha kupimia kilichoegemezwa ukutani. Kijiti hicho kina mistari, na dozi hufuata urefu: kuanzia sentimeta 94 kidonge kimoja, kuanzia 110 kimoja na nusu, kuanzia 125 viwili, kuanzia 138 viwili na nusu, na kuendelea. Tuliwaeleza akina mama maana ya kila mstari, wakawa wanaelezana wao kwa wao kwa Kikerewe. Watoto wachache walilalamika tumbo, wakalazwa kivulini na mama zao kando yao, na kabla ya adhuhuri walikuwa wanacheza. Hakuna aliyeanguka.

Dawa haizuii kuambukizwa upya, kwa hiyo zoezi hurudiwa, na sisi tukaliweka sufuria la uji katika bajeti yetu mbele ya sare. Mwaka uliofuata yule mama aliyeniuliza kuhusu mkojo alikuwa miongoni mwa wapishi. Mwanawe alipofika kwenye kijiti, mwalimu wa afya alichukua vidonge viwili, kama alivyoandikiwa mwaka uliopita. Mama akaacha mwiko ndani ya sufuria, akaja, akauweka mkono wake bapa juu ya kichwa cha mtoto mpaka ukagusa ukuta, akasema, “Mwalimu, pima tena, mwanangu amevuka mstari.” Walipima tena, na mtoto akapewa viwili na nusu.