Datsun 240Z: kabureta huguswa mwisho

Ukifungua boneti ya 240Z, gari la michezo la Kijapani la mwanzo wa miaka ya 1970, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye zile kabureta mbili za Hitachi, na gari likianza kukohoa mkono nao hukimbilia hapohapo. Fundi anayezijua injini hizi atakunyang'anya bisibisi. Si kwa uchoyo. Amekwisha kuona kabureta nyingi nzima zikiharibiwa wakati ugonjwa ulikuwa kwenye platini, ile swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme wa koili ili plagi itoe cheche.

Wa kujifunza kwake ukiwa Afrika Mashariki si lazima awe amewahi kushika gari la michezo. Tafuta mzee aliyefanya kazi na Datsun 1600 SSS au 180B. Injini zao za silinda nne na hii L24 ya 240Z, yenye silinda sita na ujazo wa cc 2,393, ni ukoo mmoja: kemshafti moja juu, roka zilezile (vyuma vinavyosukumwa na kemu ili vifungue vali), tapeti zilezile. Ndiyo injini iliyowapa Edgar Herrmann na Hans Schüller ushindi wa Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 ikampa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, akiwa na Lofty Drews. Mwaka huo Mehta alilingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun nyingine, 1800 SSS. Kwa hiyo ujuzi upo mitaani, ila wenye nao wanazeeka.

Fundi mkarimu hufundisha kwa mpangilio, na mpangilio wenyewe ndio somo: kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), tapeti (nafasi kati ya kemu na roka), moto (cheche za plagi), uvujaji wa hewa, kisha kabureta. Ukiruka hatua, unarekebisha kosa moja kwa kuongeza la pili.

Kompresheni ni kazi ya nusu saa. Pasha injini moto, toa plagi zote sita, chomoa waya wa koili, mwenzako akanyage mafuta hadi mwisho huku akipiga stata. Injini nzuri usawa wa bahari hutoa psi 170 na kitu. Nairobi, mita 1,700 hivi juu, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo geji ikisoma 145 usikimbilie kufungua silinda hedi. Kinachotazamwa ni tofauti: ya chini kabisa isipungue asilimia 80 ya ya juu kabisa. Silinda ikiwa dhaifu, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, vali haifungi vizuri, na mara nyingine ni tapeti tu iliyobanwa mno.

Tapeti ndipo fundi atakapokuweka muda mrefu, na ni haki yake. Injini ikiwa baridi nafasi ni milimita 0.20 vali ya kuingiza na 0.25 vali ya eksozi. Ikiwa moto ni 0.25 na 0.30. Kujua ipi ni ipi, usikariri: tazama imesimama mbele ya bomba la manifoldi ipi. Zungusha kranki kwa soketi ya milimita 27 kwenye puli ya mbele, plagi zikiwa nje ili isikupinge. Nundu ya kemu ya vali unayoipima lazima ielekee juu, mbali na roka. Ingiza fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, kati ya kemu na roka. Nati ya kufungia ni spana 17, pivoti yenyewe ni 14.

Hapa ndipo mkono unapofundishwa. Geji isipite kwa ulegevu wala isikwame. Iwe na mkwaruzo mdogo, kama unavuta karatasi chini ya kitabu. Fundi mzuri hatakueleza sana. Ataseti moja, akupe geji uihisi, kisha ailegeze akuambie uirudishe palepale. Kama huuamini mkono wako, tumia geji mbili: kwa vali ya kuingiza ikiwa baridi, ya 0.20 ipite, ya 0.23 ikatae. Ukikaza nati ya 17 (iende kama Nm 50 hadi 60) nafasi hubadilika, kwa hiyo pima tena baada ya kukaza. Wengi hupima kabla tu, halafu wanashangaa.

Kuna mtego mmoja. Roka iliyolika huwa na kibonde katikati, na geji bapa hupita juu ya kibonde hicho kama daraja. Geji inasema 0.25, kumbe nafasi halisi ni kubwa, na tapeti zinaendelea kulia hata useti mara ngapi. Dawa ni roka mpya na kukagua kemu, wala si kubana zaidi. Tapeti inayolia inakera masikio tu. Tapeti iliyobanwa haifungi vali, moto unapita pembeni, na vali ya eksozi inaungua bila kutoa sauti yoyote.

Sasa moto. Platini hufunguka milimita 0.45 hadi 0.55 pale kisigino kinapokaa juu kabisa ya kona ya shafti ya distributa. Paka grisi kidogo kwenye kona hizo. Bila grisi kisigino kinalika, nafasi inapungua, na taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, inarudi nyuma pole pole hadi gari linakosa nguvu bila sababu ya kuonekana. Ndiyo maana platini huwekwa kabla ya taimingi. Ukigeuza mpangilio huo, kazi ya kwanza imefutika. Nyuso za platini zikiwa zimeungua na kufanya kichuguu upande mmoja, shuku kondensa. Kondensa za bei rahisi za siku hizi nyingine hufa mapema, kwa hiyo iliyokutumikia vizuri usiitupe kwa sababu tu umenunua mpya.

Plagi ni NGK BP6ES, nafasi milimita 0.8. Mfuatano wa moto ni 1-5-3-6-2-4, na rota huzunguka kinyume cha saa. Ukipima taimingi kwa taa, chomoa mpira wa vakyumu uuzibe, kisha ongeza mwendo na utazame alama ikisogea na kurudi. Isiporudi, vile vizito ndani ya distributa vimekauka au springi imelegea. Halafu unyonye ule mpira kwa mdomo: sahani ya platini isogee na kubaki hapo. Sahani hiyo hukaa juu ya vigololi vidogo, na kishikio chake kikivunjika sahani hukwama au kucheza. Taimingi inaruka, injini inamisi, na lawama zinaangukia kabureta.

Uvujaji wa hewa una hatari ambayo kwenye magari mengine haiko hivyo. Kwenye L24 manifoldi ya kuingiza na ya eksozi ziko upande mmoja, kabureta juu, eksozi chini. Wale wanaopulizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta ili wasikie injini ikibadilika wanapulizia juu ya chuma cha moto. Tumia maji kwenye chupa ya kupulizia. Pulizia kidogo kwenye gasketi za manifoldi, mpira wa bresta ya breki, na ncha za shafti za mafuta kwenye kabureta, zile zinazogeuka ukikanyaga mafuta. Sauti ikibadilika, umepata tundu. Shafti zilizolika ndizo sumu kubwa kwa magari ya umri huu, na hakuna namna ya kuseti sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) itakayotulia zikiwa hivyo. Zinahitaji bushi mpya.

Ukaribu huo na eksozi ndio pia unaofanya gari ligome kuwaka baada ya kulizima dakika kumi kwenye joto la Mombasa. Petroli inachemka kwenye kabureta. Hakikisha ile ngao ya bati kati ya kabureta na eksozi ipo, kwa sababu watu huitoa wakifungua manifoldi na hawairudishi.

Yote hayo yakiwa sawa, kabureta haichukui muda. Toa kizibo chenye fimbo juu ya kila kofia, inua pistoni kwa kidole, iachie. Idondoke na kugonga chini kwa sauti ya chuma, zote mbili kwa kasi moja. Ikisita, osha pistoni na kofia kwa petroli. Usitumie msasa, na usichanganye pistoni ya kabureta moja na kofia ya nyingine, maana zimetengenezwa jozi. Rudishia oili nyepesi, SAE 20, ndani ya bomba la kofia. Bila oili hiyo ukikanyaga mafuta ghafla gari linajikwaa.

Pandisha nati za jeti, vijibomba vinavyotoa petroli chini ya kabureta, hadi juu, kisha shusha kila moja mizunguko miwili na nusu. Ukishusha zaidi petroli inaongezeka, ukipandisha inapungua. Hapo kagua choki, kwani kwenye kabureta hizi choki hufanya kazi kwa kuishusha jeti yenyewe. Waya ukiwa mkavu, jeti moja hubaki chini kidogo, na silinda tatu za upande huo zinatoa plagi nyeusi huku tatu nyingine ni safi. Ukiona mgawanyo huo wa tatu kwa tatu, anza na choki.

Linganisha hewa ya kabureta mbili kwa kipimo, au kwa mpira mwembamba sikioni ukisikiliza mlio mdomoni mwa kila moja, sailensa ikiwa mizunguko 750 kwa dakika. Kisha inua pistoni milimita moja. Mwendo ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi. Injini ikitaka kuzima papo hapo, ni kidogo. Ikipanda kidogo na kutulia, acha. Geuza nati robo tu kila mara, na uandike ulichogeuza.

Gari lililosetiwa Mombasa litakuwa na petroli nyingi likifika Nairobi, na plagi zitaonyesha masizi. Pandisha nati zote mbili kwa kiasi kilekile. Ukirudi pwani ni lazima uzishushe. Ukisahau, utateremka kupitia mji wa Mackinnon Road, njiani kwenda Mombasa, kwenye joto huku injini ikila hewa nyingi, na kugonga kwa ndani kunaanza kabla hujaona plagi zimekuwa nyeupe.