Ile "tu"

Baba karuhusiwa hospitali Jumanne, Zai kavishwa pete Jumamosi, na mimi bado nahangaika na neno moja la herufi mbili.

Ni Mama Steshenari, mteja wangu mwenye fotokopi inayokula karatasi. Kanipigia Jumatano: "Mwanangu, mafaili yangu yamepauka." Nikaenda dukani kwake. Kweli, PDF zote za wateja, CV, vyeti vya kuzaliwa, fomu za TIN, zimegeuka vikaratasi vyeupe. Wiki ya nyuma niliiondoa ile programu ya kusomea PDF iliyokuwa ikimrushia matangazo. Nikamjibu huku nimeshashika mausi: "Mafaili yapo, mama. Ni ikoni tu."

Akavua miwani. "Hiyo 'tu' ni yako. Mimi hizo ikoni ndizo ninazozisoma."

Basi, kwa kuwa nilishasema "tu", nikaanza na kashe ya ikoni, yaani nakala za picha hizo ambazo Windows imezihifadhi. Nikaifuta, nikawasha kompyuta upya, weupe uko pale pale. Lazima ungekuwepo. Windows haichukui ikoni ya PDF ndani ya faili lenyewe. Inasoma kiendelezi .pdf mwishoni mwa jina la faili, inatafuta kwenye rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows, jina la aina ya faili ambalo programu ilisajili, na chini ya jina hilo inakuta DefaultIcon, yaani picha iko wapi, na shell\open\command, yaani nani afungue. Programu ikiondoka na jina lake, chaguo la mtumiaji linabaki linaelekeza kwenye nyumba iliyobomolewa. Picha na ufunguaji vinakufa pamoja. Ningebofya faili moja tu mara mbili kabla ya kufungua mdomo, ningeliona lile dirisha linalouliza lifunguliwe kwa programu gani.

"Hiyo 'tu' ni yako."

Chaguo lenyewe linakaa kwenye rejista, hapa: HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\FileExts\.pdf\UserChoice. Humo mna ProgId, lile jina la aina ya faili, na Hash, msimbo wa kuthibitisha chaguo. Kuangalia ruksa, ila usiibadilishe ProgId kwa mkono: Hash imekokotolewa pamoja nayo, zikipishana Windows inalitupa chaguo zima. Na usidanganyike na amri ya assoc .pdf. Yenyewe inasoma usajili wa mashine nzima, si chaguo la mtumiaji, kwa hiyo inaweza kukupa jibu safi wakati faili halifunguki.

Dawa ni ya kawaida mno. Hakikisha kuna programu nyingine inayosoma PDF, bofya kulia faili lolote, Open with, Choose another app, chagua, kisha kubali iwe ya kudumu. Windows inaandika ProgId na Hash mpya yenyewe. Mafaili ya kwenye folda yakarudi. Ya kwenye deskitopu yakawa yanafunguka lakini bado meupe, na hapo ndipo kashe inapopata zamu yake. Funga madirisha yote, fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, halafu:

taskkill /f /im explorer.exe
cd /d %localappdata%\Microsoft\Windows\Explorer
del /a /f iconcache_*.db
start explorer.exe

Baada ya mstari wa kwanza deskitopu inatoweka pamoja na upau wa chini. Mwambie mwenye mashine mapema. Na usilifunge dirisha la amri. Ukilifunga kwa bahati mbaya, Ctrl+Shift+Esc inaleta Task Manager, uiwashe explorer.exe kutoka huko.

Safari hii nilimwambia. Akavaa miwani, akasogeza kiti, tukatazama kiza pamoja. Ikoni zikaanza kurudi moja moja, nyekundu, na kidole chake kikazifuata kwenye kioo: "Hii ya yule kijana wa bodaboda. Hii ya mwalimu. Hii hajalipia." Hakusoma jina la faili hata moja! Anajua kila moja kwa rangi na mahali ilipokaa, kama mtu anavyojua sufuria zake. Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu kwenye daladala.

Ila alinilipa elfu tano bila kuomba nipunguze, yeye anayegombania mia mbili ya kulaminisha. Sijui niichukulieje.

Simtanki halijajaa tangu Alhamisi. Maji yanasikika usiku kwenye bomba lakini juu hayafiki, na mwenye nyumba hapokei simu.