Laptop yangu ya bei rahisi ilirudi kwa mafundi mara tano ndani ya waranti, ugonjwa ni ule ule

Hii laptop niliinunua kwa sababu moja tu, ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote nilizoziona na mfuko wangu haukuruhusu kuchaguachagua. RAM 4GB, SSD 128GB, mwili wote plastiki. Sikutegemea miujiza, nilitaka niandike kazi zangu basi. Waranti ya mwaka mmoja ndo niliiona kinga, nikajiambia hata ikizingua si wataitengeneza bure. Na kweli waliitengeneza bure. Mara tano.

Mwezi wa tatu kioo kikaanza kuchezacheza. Sio muda wote, hapo ndo palipokuwa na utata, ukiifungua kawaida picha iko safi kabisa, sasa ukisogeza mfuniko nyuma kidogo ili uone vizuri mistari inaanza kupita, ukiurudisha mbele inatulia kama sio yenyewe. Nikaipeleka, dada wa kaunta akaandika kwenye fomu "kioo kibovu", nikasaini, nikaondoka. Siku 16 sina laptop. Iliporudi ina karatasi: Windows imewekwa upya, imejaribiwa, nzima.

Yaani wamefuta kila kitu changu. Sikuwa na bekapu, hilo kosa langu silikatai, na kwenye ile fomu niliyosaini mbiombio kulikuwa na sentensi imeandikwa kwa herufi kama za mchwa kwamba wao hawahusiki na data. Ningeisoma ningenakili mafaili yangu kwenye flashi, dakika ishirini tu. Nikameza. Kesho yake jioni mistari ikarudi.

Mara ya pili wakabadilisha kioo chenyewe. Hapa niwe mkweli niliwasifia sana, wiki tatu laptop haina tatizo, nikajua yameisha. Ya nne yakaanza tena, safari hii yamekuja na mwenzake, chaja ikawa inaingiza moto inakata, inaingiza inakata, kile kitaa cha pembeni kinawaka na kuzima kama kimulimuli. Nikanunua chaja nyingine kwa hela yangu nikidhani ndo yenyewe, hamna kitu.

Kitu kilichokuwa kinanichosha kuliko hata ubovu ni kuanza moja kila nikienda. Unamkuta mtu mwingine, anakuuliza "umejaribu kuizima na kuiwasha?" na wewe una historia ya miezi kichwani, unaanza kusimulia, anaandika maneno mawili kwenye fomu, na hayo maneno mawili ndo pekee yanayomfikia fundi huko nyuma. Fundi mwenyewe humwoni. Nilikuja kugundua baadaye sana kwamba nusu ya tatizo langu ilikuwa hapo.

Mara ya tatu walibadilisha madabodi, ile bodi kuu ya ndani. Nikasema sasa hawa wamejitoa. Nafika nyumbani nawasha, inakuja skrini ya bluu inaniambia niingize funguo ya BitLocker, lile kufuli la Windows la kufunga diski, ya tarakimu 48. Arobaini na nane! Mimi hata sikujua diski yangu imefungwa. Napiga simu naambiwa "hilo ni la password zako kaka, sisi hatuhusiki".

Kumbe iko hivi, na hii aliyenunua laptop ya Windows za siku hizi ni vizuri aijue kabla hayajamkuta. Laptop nyingi ukiingia kwa akaunti ya Microsoft siku ya kwanza zinaifunga diski zenyewe kimyakimya, na zinategemea chipu inayokaa upande wa madabodi. Madabodi ikibadilishwa, diski inaona imewekwa kwenye mashine ya mtu mwingine, inagoma kufunguka mpaka uithibitishie kwamba ni wewe. Funguo huwa imehifadhiwa kwenye ile akaunti yako, unaingia kwa simu kwenye sehemu ya vifaa vyako unaikuta. Mimi niliikuta saa tano usiku, mafungu manane ya tarakimu sita sita, nikawa nazisoma kwenye simu kwa sauti huku nachapa, nikakosea fungu la tano nikarudia. Ilipofunguka nilikaa tu naitazama. Safari hii nikahamisha kila kitu kwenye flashi usiku ule ule.

Siku sita baadaye mistari imerudi na chaja inakata.

Ya nne ndo ilinitoa kwenye reli. Walikaa nayo siku 9 wakairudisha na karatasi imeandikwa "hakuna tatizo lililoonekana". Nilikasirika mpaka nikacheka. Ila nikiwa nimekaa nayo pale mezani nikaanza kujiuliza hawa watu wanaijaribuje? Jibu si ndo hilo, wanaiweka mezani, wanaifungua mara moja, wanachomeka chaja, inakaa hivyo hivyo kutwa nzima bila mtu kuigusa. Mimi nyumbani naifungua na kuifunga mara kumi kwa siku, naihamisha, naishika kona. Ugonjwa unakuja kwenye kusogea, wao wanaipima ikiwa imelala. Wangeiona saa ngapi?

Kwa hiyo nikaamua kabla sijairudisha niwe na ushahidi ambao haubishaniki. Nilichomeka waya wa HDMI kwenye tivii, nikasogeza mfuniko: kioo cha laptop kinapiga mistari, kwenye tivii picha imetulia tuli. Maana yake kinachotengeneza picha ni kizima, ubovu uko kati ya madabodi na kioo. Halafu nikaingia kwenye BIOS, yaani kabla Windows haijaamka kabisa, nikasogeza tena, mistari ile ile. Hapo ile habari ya kuweka Windows upya ikafa rasmi. Kuhusu chaja, kuna amri unaandika kwenye lile dirisha jeusi, powercfg /batteryreport, inakutolea ripoti yenye saa na dakika laptop ilikuwa inakula umeme wa chaja na saa ngapi iko kwenye betri, na ya kwangu ilikuwa inarukaruka chaja, betri, chaja, betri, ndani ya jioni moja ambayo mimi sikunyanyuka kitini wala umeme haukukatika. Nikaprinti. Nikarekodi na video, simu moja imesimama haitikisiki, seriali namba inaonekana, mkono wangu unasogeza mfuniko taratibu.

Wakati narekodi ndo nikaona ufa. Mwembamba kama unywele, pale kona ya kulia bawaba inapoingilia. Nikabonyeza kwa kidole plastiki ikafanya krii.

Nilijua kabisa nikienda nao wataniambia nini, na nilivyofika ndo hicho hicho. Dada akaigeuza mara moja akasema "kaka hii imeangushwa, ina ufa, waranti haihusiki na kuvunjika". Zamani ningepandisha sauti. Safari hii nikatoa bahasha. Karatasi zote za mara nne nilikuwa nazo, na karatasi ya kwanza kabisa, ile waliyoniandikia wao wenyewe wakati naikabidhi, ilikuwa na sehemu ya hali ya nje ya mashine: nzima, hakuna ufa, hakuna mkwaruzo. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamwambia dada yangu, siku hiyo mistari ilikuwa imeshaanza, si ndo sababu niliileta, ufa haukuwepo. Kwa hiyo ufa haujaleta tatizo, tatizo ndo limeleta ufa, na katikati hapo mmeshaifungua nyinyi mimi sijawahi kuigusa na bisibisi. Simlaumu mtu, naomba fundi aje aifungue hapa hapa mbele yangu.

Akanyamaza. Akasoma zote nne. Akaingia ndani.

Fundi alikuja kijana mpole tu, na ndo mara ya kwanza nazungumza na mtu aliyewahi kushika bisibisi kwenye hii mashine. Akatazama video mara mbili, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, "huwa unaifungua kwa mkono upi?" Wa kulia, kwenye kona. Akatikisa kichwa, akaipindua, akatoa skrubu za chini akawa anazipanga kwenye kisahani. Alipobandua mfuniko wa chini kitu kidogo kikaanguka mezani, tik, kikabingirika mpaka kwenye karatasi zangu. Kinati cha shaba, kidogo kama punje ya mtama, bado kimeng'ang'ania kipande cha plastiki.

Akanieleza. Bawaba ni chuma na inakazwa sana ili kioo kisimame, ila kinachoishikilia ni vinati kama hicho vilivyozamishwa kwenye plastiki nyembamba. Ukifungua kila siku kwa kona, nguvu yote inakwenda upande mmoja, nati inalegea, bawaba inainuka kidogo kidogo. Na kwenye mashine hii waya wa kioo unapita katikati ya bawaba ya kulia, na waya wa tundu la chaja umelazwa chini yake. Akauvuta kwa kibano nikauona, ganda limekwanguliwa, shaba inang'aa. Zile wiki tatu za raha baada ya kioo kipya? Walipokuwa wanafunga waliupanga waya upya ukakaa vizuri, mpaka bawaba ikaufikia tena. Kioo kile cha kwanza huenda hakikuwa na kosa lolote, na madabodi ndo kabisa.

Nikamwomba hayo maneno ayaandike kwenye fomu kama alivyoyasema, sio "kioo kibovu". Akaandika mistari mitano na mchoro wa mshale. Ufa ukaingizwa kama sehemu ya ubovu wa bawaba, hakuna aliyezungumzia kuangusha tena.

Siku 12. Walibadilisha bawaba zote mbili, mfuniko wa nyuma ya kioo, ganda la chini, na waya zote mbili. Nikauliza hivi vipya vina waranti ya muda gani, nikajibiwa ni ile ile iliyobaki ya mashine, kwangu ikawa miezi miwili na siku kadhaa.

Sikuondoka nayo hivi hivi. Nikaiweka pale pale kaunta, nikachomeka chaja, nikaanza kuifungua na kuifunga kwa mikono miwili, nikiiangalia ile taa. Dada akawa ananitazama, watu wawili nyuma yangu kwenye foleni wameanza kuguna. Nilipofika ya kumi na nane akaniuliza, "kaka, unataka ufike ngapi?"

"Thelathini," nikamwambia. Akanivutia kiti.