Jinsi nilivyofunga folda ya wadaiwa kwenye kompyuta ya pamoja

Ofisi yetu ndogo ya mikopo hapa Mwanjelwa, Mbeya, ina kompyuta 2 na watumishi 6, na wote tulikuwa tunaingia kwa akaunti moja. Siku moja nikamkuta kijana wa mafunzo kwa vitendo akitafuta barua, kumbe amefungua folda ya wadaiwa: jina la mama muuza viazi na deni lake, wazi kabisa. Iliniuma. Siri ya mteja ni amana.

Kuificha folda hakukusaidia. Ukiweka tiki ya kuonyesha vilivyofichwa, inarudi.

Nikamfungulia kila mmoja akaunti ya kawaida yenye nywila, ya msimamizi nikabaki nayo. Kisha kwenye sifa za folda ("Properties"), sehemu ya "Security", nikakata urithi wa ruhusa, yaani folda ibaki na ruhusa ilizokuwa nazo lakini isifuate tena za diski ilimo, nikamwongeza mhasibu, nikaondoa "Users", kundi la watumiaji wa kompyuta. Bado ikafunguka! Nilihangaika nayo mpaka jioni. Folda ilikuwa diski D, na huko Windows huwapa "Authenticated Users", yaani kila aliyeingia kwa akaunti yake, ruhusa ya kusoma na kubadili tangu mwanzo. Nao nikawaondoa.

Nikaingia kwa akaunti ya yule kijana: imekataa. Mhasibu akafungua bila shida.